Mnyororo Ndani ya Mbuyu: Kisa cha Safari Mbili za Bagamoyo

Nilikuwa kwenye daftari la ishirini na tatu nilipobaini kuwa sentensi ninayoisoma nimeshaisoma mara ishirini na mbili. "Bagamoyo maana yake ni bwaga moyo kwa sababu watumwa walifika hapa wakakata tamaa." Neno kwa neno, nukta kwa nukta. Walioikosea tahajia waliikosea kwa mafungu, kila fungu likiwa kiti kimoja cha basi.

Ilikuwa Jumatatu. Ijumaa iliyotangulia tulikuwa tumewapeleka Kidato cha Kwanza, watoto wa miaka kumi na tatu na kumi na minne, kutoka shuleni kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Kila mtu aliisifu ziara ile. Picha zilijaa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, mkuu wa shule akapokea pongezi zake, na watoto waliimba kwenda na kurudi mpaka sauti zikawakauka. Nilibaki mimi na mrundo wa madaftari yenye jibu moja, na jibu lenyewe halikuwa la mwanafunzi hata mmoja. Lilikuwa la mwongoza wageni, na aliyewaagiza waandike kila atakachosema ni mimi.

Walimu wenzangu wa Historia huniomba ratiba ya ziara ya mwaka uliofuata, ile iliyokwenda vizuri zaidi. Ratiba nawapa. Huwa naona haya kidogo kuwapa, maana ratiba ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kisa hiki, na "vizuri zaidi" yenyewe ina mambo ambayo sikuyaweka kwenye taarifa ya mkuu wa shule.

Mwaka wa kwanza

Tulipita sehemu saba kwa saa tano. Kaole kwenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake ya nguzo, Ngome Kongwe, boma walilojenga Wajerumani mwaka 1897, Caravan Serai (kituo cha zamani cha misafara), soko la samaki, misheni ya Wakatoliki, na mahali Wajerumani walipowanyongea watu. Mwongozaji alikuwa hodari na mcheshi, lakini binadamu mmoja hawezi kusikika na watoto tisini wanaosukumana chini ya jua la saa sita. Walio mbele waliandika. Walio nyuma walinakili kwa walio mbele. Walio nyuma kabisa walikuwa wanapigana picha kwa simu ya kondakta.

Kuna na la aibu. Wanafunzi kumi na mmoja hawakuwa na mchango, wakabaki shuleni. Elimu ya sekondari ya serikali haina ada tangu mwaka 2016, na michango ya namna hii ni kwa hiari ya mzazi. Kwenye karatasi ni hiari. Kwa mtoto anayefagia uwanja huku wenzake wanapanda basi, hiari hiyo ina jina lake jingine. Mwaka uliofuata nilisema wazi kwenye kikao: wanakwenda wote au hatuendi. Tulipunguza chakula cha kununua, kila mtoto akabeba cha kwao, na wazazi wawili wenye uwezo wakafidia pengo bila kutangazwa.

Kosa kubwa hata hivyo halikuwa la fedha wala la wingi wa vituo. Niliwapeleka watoto mahali ambapo hawakuwa na jambo la kutafuta. Mtu asiye na anachotafuta sokoni hununua anachopigiwa kelele.

Neno kabla ya mji

Mwaka wa pili nilianza na kitenzi. Somo letu la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na sijawahi kushukuru hivyo kama siku ile, kwa sababu kwa lugha nyingine yoyote kipindi kile kisingewezekana. Niliandika ubaoni "kubwaga", nikauliza: nani anabwaga, na anabwaga nini?

Mikono ilijaa hewani. Mtu anabwaga mzigo. Mcheza mieleka anambwaga mwenzake. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, alisema kocha wa timu ya mtaani kwao amebwaga manyanga. Darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu binti mmoja aliuliza: "Sasa kubwaga manyanga si ndiyo kukata tamaa? Kumbe kubwaga mzigo ni kupumzika." Hapo neno moja likawa limeshagawanyika mara mbili mbele ya macho yao. Mwingine akaongeza kuwa kutua si kubwaga. Mama yake akirudi na tenga la nyanya hulitua. Siku akilibwaga ujue amechoka kupita kiasi au amekasirika.

Ndipo nilipowapa ubishi wenyewe. Jina Bagamoyo husemwa limetokana na "bwaga moyo". Wapo wanaosema ni maneno ya wapagazi: wametembea miezi mitatu au minne kutoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, wanaiona bahari, wanautua moyo, safari imekwisha. Wapo wanaosema ni maneno ya watumwa: mbele ni jahazi la Unguja, nyuma hakuna kurudi, moyo uache hapa. Maneno yaleyale, mji uleule. Swali la mradi wetu likawa: ushahidi unaelemea wapi?

Niliandaa kadi ndogo za manila, kila kadi na jambo moja. Kwamba katika karne ya 19 Wanyamwezi walioajiriwa kwa ujira waliingia Bagamoyo kwa maelfu kila msimu wa misafara. Kwamba bidhaa kubwa iliyoshuka ilikuwa pembe za ndovu, na zilizopanda zilikuwa nguo za amerikani, shanga, waya wa shaba na bunduki. Kwamba bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa Kilwa Kivinje. Kwamba Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kadi moja nilisita kuiweka, nikaiweka: kwamba baadhi ya wapagazi wa pwani walikuwa wenyewe ni watumwa, wakipangishwa na mabwana zao na kugawana nao ujira. Hiyo hakuna aliyeijali. Ilikaa chini ya rundo wiki mbili.

Mwalimu wa taaluma alinipitia na daftari lake la azimio la kazi. Kitabu cha kiada kinalimaliza jambo hili kwa vipindi viwili, mimi nilikuwa nimeomba tisa. Aliniuliza pia kwa nini tulipie basi ili tuone sehemu tatu badala ya saba. Sikuwa na jibu zuri zaidi ya yale madaftari ya mwaka jana, ambayo nilikuwa nimeyatunza kabatini kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ndoo ya mchanga

Mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Namba hiyo kwa mtoto haina uzito wowote. Lakini ndoo ya plastiki ya lita 20 ikijazwa mchanga mkavu hufika palepale, na ndoo kila mtu anaijua.

Mwalimu wa michezo alisimamia. Mmoja baada ya mwingine, anayetaka tu, abebe azunguke uwanja mara moja. Wavulana walijitokeza kwa vishindo na wengi wao walibwaga kwenye kona ya pili. Aliyezunguka bila kusita alikuwa binti mwembamba ambaye nyumbani kwao maji huchotwa mbali. Aliweka kata kichwani, akatembea kama hana kitu, akaja kuitua ndoo taratibu. Aliitua, hakuibwaga, na wenzake wakalitaja hilo kwa sauti. Kisha tukapiga hesabu: msafara ukienda kilomita 15 kwa siku, ni mizunguko kama 45 ya uwanja wetu, na kesho yake tena, na kesho kutwa.

Yule kijana wa manyanga alikaa kivulini akifuta jasho, akasema: "Madam, mimi ningebwaga moyo hata kama si mtumwa."

Sentensi hiyo ningeibadilisha na madaftari yote ya mwaka wa kwanza. Alikuwa ameona, bila kuambiwa, kwamba kukata tamaa si kwa watumwa peke yao na kwamba ujira hauufanyi mzigo kuwa mwepesi. Baadaye nilimwona akiirudia kadi ya ujira.

Bibi aliyekuja shuleni

Hapa ndipo pa kusimama kwa muda, kwa sababu makala nyingi za kusifu miradi ya wanafunzi hupita hapa mbio.

Sehemu ya mradi ilikuwa mahojiano nyumbani. Niliandika swali hili: "Mababu wa familia yako walihusika vipi na biashara ya misafara?" Niliona ni swali la kisomi, lisilo na miiba. Siku ya tatu nikaitwa ofisini. Bibi mmoja, amejitanda kanga, ameketi wima kwenye kiti cha wageni, mjukuu wake amesimama pembeni anaangalia viatu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, wewe ndiye uliyemtuma huyu aje aniulize kama sisi tulikuwa watumwa au waungwana?"

Mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa amelifumua swali langu la kisomi akatoa kilichokuwamo ndani. Na mimi, niliyekulia bara, nilikuwa nimesahau kwamba pwani swali hilo si la historia ya kale. Wajerumani hawakuufuta utumwa walipoitawala nchi. Walitangaza tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watahesabiwa huru. Utumwa kisheria ulikomeshwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi mwenye miaka sabini na kitu leo, bibi yake yeye alikuwa mtu mzima wakati huo. Kuna ndoa zimevunjika kwa neno moja lililotamkwa kwenye mkeka kuhusu asili ya upande fulani. Kuna koo zilizobadili majina. Watu walijenga ukimya huo kwa sababu, na mimi nimemtuma mtoto wa miaka kumi na tatu na kalamu akaubomoe kwa alama kumi.

Nilimwomba radhi. Aliipokea, lakini hakuondoka hadi aliposema lake: "Ukitaka ya mji, uliza ya mji. Ya nyumba yana mwenyewe."

Jioni ile nililifuta swali. Lililochukua nafasi yake lilikuwa hili: "Katika watu wa familia yako au majirani, nani alisafiri mbali zaidi kwa miguu au kwa ajili ya kazi, na alibeba nini?" Majibu yaliyokuja yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Babu aliyetoka Tabora kwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba. Shangazi wa jirani aliyepeleka chumvi. Mtoto mmoja ambaye kwao ni Kariakoo alileta kwamba jina la mtaa wao limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Hilo la Kariakoo lilitusaidia sana, hata sikuwa nimelipanga. Hapa kuna jina jingine la mahali, nalo linahusu wabeba mizigo vilevile, ila asili yake haibishaniwi, kwa kuwa jeshi liliacha maandishi. Kwa nini la Bagamoyo linabishaniwa? Nani angeandika, wakati ule, neno alilolisema mpagazi alipotua? Watoto walianza kuona kwamba ukimya wa ushahidi nao una wenyewe.

Sehemu tatu

Tulikwenda Caravan Serai, Ngome Kongwe pamoja na ufukwe wake, na misheni. Basi. Kila kundi la watoto wanane lilikuwa na karatasi moja yenye safu tatu: tunachokiona kwa macho, tulichoambiwa, nani katuambia. Mwongozaji, yuleyule wa mwaka uliopita, nilimpigia simu wiki moja kabla na kumwomba aongee mwisho, baada ya watoto kuzunguka wenyewe kwa dakika ishirini. Alicheka. Alisema hakuna mwalimu aliyewahi kumwomba anyamaze, kisha akakubali.

Pale ngomeni alisimulia habari inayosemwa sana kuhusu jengo lile, ya njia ya chini ya ardhi ambamo watumwa walipitishwa hadi majahazini wasionwe. Binti mmoja aliinua mkono: "Tunaweza kuiona?" Mwongozaji angeweza kumpuuza. Alisema, "Mimi niliambiwa na aliyenifundisha kazi." Karatasi zote zikaandikwa safu ya pili na ya tatu, safu ya kwanza ikabaki tupu. Nilimheshimu sana mtu yule kwa jibu lile. Ni rahisi kumlaumu mwongozaji kwa hadithi zake, lakini mgeni hulipa ili atetemeshwe, na yeye ana watoto wa kusomesha.

Kwenye misheni kuna mbuyu mkubwa uliopandwa na wamisionari wa mwanzo. Katika shina lake umetokeza mnyororo, umemezwa na gamba, kipande tu ndicho kinachoonekana. Watoto waliufikia kabla yangu. Nilipofika nilikuta kimya ambacho sijawahi kukipata darasani hata siku ya mtihani. Kundi moja lilikuwa linauchora. Binti mmoja alikuwa ameugusa, akaurudisha mkono haraka. Karatasi yao, safu ya kwanza, ilisema: "Mnyororo wa watumwa."

Sikusema kitu. Ilinibidi niume ulimi.

Mtunzaji wa pale alikuja akawaeleza: mwishoni mwa karne ya 19 mama mmoja wa Kifaransa aliufunga mnyororo ule kwenye mti ili amfungie mnyama wake wa kupanda. Haukuondolewa. Mti ukanenepa, ukaula.

Walikasirika. Sijui neno jingine. Waliona wamedanganywa, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani, kwa kuwa hakuna mtu aliyewadanganya. Nikawaambia waitazame karatasi yao. Macho yaliona nini? Mnyororo. "Wa watumwa" ilitoka wapi? Yule aliyekuwa ameandika alichukua kalamu akayafuta maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja, akabaki na neno moja. Kama ningepewa dakika moja tu ya kuonyesha nini maana ya kufundisha watoto kutumia vyanzo vya historia, ningeionyesha dakika ile.

Mnara wa kanisa la zamani tuliupitia kwa ufupi. Hapo mwili wa Livingstone uliwekwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba tangu alipofia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Kitabu chetu kinampa yeye aya nzima na wabebaji mstari. Watoto walihesabu. Nilipotaja kwamba moyo wake waliuzika kulekule Chitambo chini ya mti, kijana wa manyanga (sasa hata mimi namwita hivyo kichwani) akanong'ona kwamba basi huyu mzungu ndiye mtu pekee ambaye kwa hakika hakubwaga moyo Bagamoyo.

Basi la kurudi

Kwenye taarifa niliandika kwamba ziara ilifanikiwa. Sikuandika nilichokisikia tulipokuwa tunakaribia Mapinga. Viti vitatu nyuma yangu: "Kumbe haya mambo ya watumwa ni stori tu za kuwavutia wazungu."

Nilihisi baridi mgongoni. Njia ya chini ya ardhi haikuonekana, mnyororo ukawa wa mnyama, kadi zikasema pembe na ujira na Kilwa; mtoto mwenye akili akaunganisha vitu vyote hivyo akafika mahali pabaya, tena kwa njia niliyomfundisha. Nilikuwa nimekazana sana kuwafundisha kushuku hata nikasahau kuwapa kitu kinachosimama baada ya kushukiwa.

Aliyeniokoa si mimi. Kundi lililopangiwa makumbusho ya misheni, katika lile jumba la zamani la masista, lilikuwa limekaa ndani muda mrefu na picha na maelezo ya kijiji cha waliokombolewa. Msichana wa kundi hilo aligeuka kwenye kiti chake na kusema kwa ukali: "Kama hawakuwepo watumwa Bagamoyo, mapadri walimkomboa nani? Walijinunua wenyewe?" Ubishi ulidumu hadi Tegeta. Dereva alizima redio ili asikilize.

Nikiipanga tena ziara hii, makumbusho ndiyo yangekuwa ya kila kundi, si ya kundi moja. Kufaulu kwetu siku ile kulitegemea bahati kwamba msichana yule alikaa karibu na mvulana yule.

Kadi ya chini ya rundo

Darasani tulibishana vipindi vitatu. Upande wa wapagazi ulikuwa na namba, upande wa watumwa ulikuwa na kijiji cha misheni na neno "manyanga". Kipindi cha tatu walianza kurudia yaleyale, nami nikaanza kuangalia saa. Ndipo mjukuu wa yule bibi, ambaye tangu siku ile ofisini alikuwa hajasema kitu, akasimama na kadi mkononi. Aliisoma: baadhi ya wapagazi wa pwani walikuwa watumwa, wakipangishwa na mabwana zao.

"Kwa hiyo Madam, huyu mtu akifika Bagamoyo na pembe, anabwaga moyo kwa maana ipi?"

Swali langu la mradi lilikuwa bovu tangu mwanzo. Nililikata vipande viwili, mpagazi huku na mtumwa kule, kama vile ni watu wa makabila tofauti, wakati mtu mmoja angeweza kutua mzigo, akapumua, na bado asiwe na pa kwenda. Mtoto wa miaka kumi na tatu alilibaini kwa kadi ambayo mimi mwenyewe niliiandika na sikuielewa.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja: eleza jina Bagamoyo kwa ushahidi wa vitu viwili unavyokubaliana navyo na kimoja kinachokupinga. Katika alama 20, nilitenga nne tu kwa hitimisho. Kurasa zilizorudi hazikufanana. Baadhi zilikuwa mbovu kweli. Mmoja aliandika kisa kizima cha mnyororo bila kulitaja jina la mji. Wengi waliweka kitu kinachowapinga kwa kinyongo, kwa neno "ingawa" moja mwishoni. Wachache, sita au saba hivi, waliandika kama watu wanaofikiri. Na wako walionifuata mezani kwa upole: "Sasa Madam, kwenye mtihani tuandike lipi?" Sina la kuwalaumu. Kwenye mtihani wa muhula, maswali ya kuchagua yaliyohusu misafara, darasa hili halikuwazidi wale wa mwaka uliopita kwa kiasi cha kujisifia. Mwalimu wa taaluma alilitaja hilo kwenye kikao, na alikuwa sahihi. Vipindi saba vya ziada nilivilipa kwa kuibana mada ya wamisionari na wapelelezi hadi ikawa orodha ya kukariri, jambo ambalo kwingine ningelilaani.

Swali la mwaka huu nimelibadilisha. Siulizi tena ni wapagazi au watumwa. Nauliza ni nani wote waliopita mji huu na mizigo, na kila mmoja alikuwa huru kiasi gani kuutua. Pia limeingia swali la reli, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sababu watoto waliuliza wapagazi walikwenda wapi, na nilijibu vibaya.

Barua kwa wazazi nayo imeongezwa aya moja. Inasema mwanafunzi hataagizwa kuuliza juu ya asili ya ukoo wa mtu yeyote, na kwamba mzee mwenye habari za kazi, njia au mizigo anakaribishwa shuleni Alhamisi mchana. Yule bibi alikuja, Alhamisi ya pili. Alisimulia karibu saa nzima habari za kambi ya mkonge alikokulia, jinsi kengele ilivyopigwa gizani, jinsi mama yake alivyopika kwenye sufuria moja kwa watu ishirini, na namna ya kukunja nguo ya kata ili ndoo isiume kichwa. Watoto walijaribu kuikunja, wakashindwa, akawacheka. La ukoo wake hakuligusa, na hakuna mtoto aliyemuuliza.